Mwenye Kule

Kabla sijasema lolote, niseme kwamba mimi ni Mwislamu, mtoto wa Mwislamu, na swala sijaiacha ila kwa ugonjwa na uzazi. Nalisema hili mapema kwa sababu ninayotaka kusimulia yananiaibisha, na mtu akiona aibu hutafuta kwanza nguo ya kujifunika. Wakati wa Emajensi, Waingereza wakipigana na Mau Mau, mimi na watoto wenzangu wa uani kwetu, Majengo ya Meru, tulikuwa na Mungu mwingine. Tulimtunga wenyewe. Na mimi, mjinga wa wajinga, nikamwamini.

Yalianza kama mchezo wa kupoteza siku. Mtaa wetu ulikuwa umezungushiwa seng'enge, na saa za kafyu zikifika askari wanapiga filimbi, kila mtu na mlango wake. Kukiwa na msako ndiyo hamtoki kabisa, mnashinda uani mkitazamana na kuku. Mto Kathita, ambao zamani tulikwenda kufua na kurushiana maji, ukawa haramu kwa asiye na pasi. Na mtoto ukimkataza ng'ambo ya mto, ng'ambo hiyo haimtoki kichwani. Basi dada yangu, binti wa mama mkubwa aliyelelewa kwetu baada ya mamake kufariki, akatuambia kwamba anaijua nchi iliyoko ng'ambo, na kwamba nchi hiyo inaitwa Kule.

Hiyo Kule, jamani! Watu wake hawakuwa na kipande wala pasi. Mvua yao ilitoka ardhini ikapanda juu. Huko ng'ombe ndio waliofungua bucha, wakamleta mtu kwa kamba, na huyo mtu akasimama anasikiliza bei yake mwenyewe. Baba yangu alikuwa mchinjaji, kwa hiyo mzaha wetu wote ulinuka damu na mifupa. Tulikuwa wanne: mimi, dada, na watoto wawili wa fundi viatu wa nyumba ya pili, ambao walikubali kila walichoambiwa ili wasifukuzwe uani kwetu.

Siku moja tukichambua maharagwe jikoni, dada akasema nchi haisimami bila Mungu. Akamwita Mwenye Kule, na papo hapo akaanza kumwekea sheria. Dada alipenda sheria kama wengine wanavyopenda sukari guru. Chuoni alikuwa ndiye anayesahihisha wadogo, na maalim akitoka nje alimwachia kiboko. Kumwomba Mwenye Kule, akasema, lazima uingie kwa mguu wa kushoto, useme maneno yake kwa mpango wake bila kukohoa, na uache kitu: punje ya mahindi, shanga, hata kifungo cha shati. Aliyekosea alikaa kizingitini ametupa mgongo mpaka ahurumiwe. Na kubwa kuliko yote ilikuwa sheria ya mkono.

Hii ya mkono tuliitoa kwa bibi mzaa baba. Bibi alikuwa wa Muthara, hakusilimu wala hakubatizwa, na kila aliyekwenda kumhubiria alimpa uji, akanywa, akaondoka. Akija kwetu kumtembelea mwanawe alituhadithia habari za mugwe, yule mzee mtakatifu wa Wameru, ambaye mkono wake wa kushoto hufichwa ndani ya nguo maisha yake yote.

"Hiyo mkono haionekani na watu," bibi alisema kwa Kiswahili chake cha mlimani. "Iko na baraka ya nchi yote. Siku ya kubariki ndio inatoka kidogo."

Mama, aliyezaliwa hapo hapo Majengo na hakujua Kimeru zaidi ya salamu, akapiga kelele kutoka jikoni: "Mama tafadhali, usinifundishie watoto kula kwa kushoto!" Maana kwetu sisi wa mjini mkono wa kushoto ni wa chooni, na maalim alikuwa akitupiga kofi la vidole tukiupeleka kwenye sahani. Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi. Sisi watoto tukabaki katikati. Nyumbani mkono mmoja ulikuwa mtakatifu na mchafu kwa wakati mmoja, na hakuna aliyekaa akatueleza. Mtoto wa Mombasa asingekosea vile, wala mtoto wa Tigania, huko kwa bibi. Ni sisi tu wa Majengo ndio tungeweza kuuchukua ule mkono, tukauvusha mto, tukasema Kule ndio wa kuombea, umefichwa nguoni.

Nyuma ya nyumba baba alikuwa akiwamba ngozi juani. Kati ya ngozi na ukuta palikuwa na nafasi ya kumtosha mtoto mmoja, pana joto, pananuka chumvi na mafuta. Siku moja nilijibanza pale nikimkimbia dada, nikakaa kimya, mkono wangu wa kushoto ndani ya kanga. Sikusema maneno yake. Sikuacha punje wala kifungo. Na hapo, sijui niseme vipi, nikahisi siko peke yangu. Sikuona kitu, sikusikia sauti, na asije mtu akaniambia ni jua lilinipiga. Nilihisi natazamwa na anayenipenda. Nilikaa mpaka mama akaniita nikamenye vitunguu.

Nikamwambia dada. Kilichonituma kumwambia ni nini, mimi?

"Umekwenda Kule bila kupitia kwangu?" akauliza.

"Sikwenda. Yeye ndiye aliyekuja."

"Haji bila maneno. Maneno nimeyaweka mimi."

"Alikuja, dada. Wallahi alikuja."

Akanitazama, hasira na huruma vyote pamoja. "We mpumbavu, Mwenye Kule tumemtunga. Nimemtunga mimi, pale jikoni, tukichambua maharagwe. Sasa utamhisi vipi?"

Watoto wa fundi viatu wakaangua kicheko. Nikapelekwa kizingitini, nikawapa mgongo, masikio yakiwaka. Nilipokaa pale ndipo nilipofahamu kwamba dada, na sheria zake zote, hakuamini hata moja. Kwake ilikuwa kama kucheza duka: mchanga ni unga, na kila mtu anajua ni mchanga. Mimi peke yangu nilikuwa nimeula. Tangu siku hiyo nikawa nakwenda nyuma ya ngozi kwa siri, kama mwizi.

Kisha wakamchukua baba.

Baba alikuwa Mmeru aliyesilimu ujanani, alipokuja mjini kutafuta kazi. Alikwenda kununua ng'ombe Mikinduri na Muthara, akawaswaga kwa miguu mpaka machinjioni, na alikuwa akinoa kisu huku akisoma uradi taratibu, chini ya pumzi, mpaka kisu na uradi vikawa kitu kimoja masikioni mwangu. Asubuhi hiyo bucha ilikuwa imejaa. Askari waliingia na ofisa wao wakasema kule msituni kwa Mau Mau imekutwa nyama, mifupa imekatwa kwa shoka la bucha, na shingo ya ng'ombe imepitishwa kisu kwa namna ya Kiislamu. Wachinjaji Waislamu walikuwa wengi mjini, lakini wengine walikuwa Wanubi, Wakamba, watu wa pwani. Mmeru, mwenye ndugu huko juu, alikuwa baba tu. Wakamtoa na aproni yake, damu ya asubuhi haijakauka. Kama alipeleka nyama au hakupeleka, mpaka leo sijui, na sikuwahi kumuuliza.

Mwanzoni watu walijaa kwetu kusoma Yasini. Baadaye wakapungua. Baadaye wakawa wanapita njia ya nyuma wasionekane mlangoni kwa mtu wa Mau Mau. Wanawake waliokuwa wakija kuazima kinu wakanunua vinu vyao. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na ya mfungwa aijuaye mkewe. Mama akawa anapika mandazi na kuyapeleka sokoni, ametupa buibui mpaka puani, yeye aliyekuwa akicheka barabara nzima ikamsikia.

Niliomba chuoni, niliomba kwenye mswala nyuma ya mama. Lakini nilikuwa mtoto na nilikuwa na hesabu za kitoto. Mungu wa watu wote, niliona, ana kazi nyingi mno siku hizi: anaombwa na mama, anaombwa na askari, anaombwa na wamisheni, anaombwa na wale wa msituni, na kila mmoja anataka mwenzake ashindwe. Mwenye Kule alikuwa na mimi tu. Nikamwambia kwamba nitauficha mkono wangu wa kushoto, asiuone mtu, mpaka amrudishe baba. Nikaufunga kitambaa cha kaniki.

Mama aliuliza, nikasema ni mchezo. Alikuwa amechoka, akaniacha. Nikaosha vyombo kwa mkono mmoja, nikavunja bakuli, nikapigwa. Chuoni ubao ukaniponyoka, wenzangu wakacheka. Dada alijua. Akanivuta pembeni akaninong'oneza, "Fungua hicho kitambaa. Unatuaibisha." Nikamwambia sifungui. "Dua la kuku halimpati mwewe," akasema, "na wewe hata kuku unayemwomba hayupo." Nilimchukia siku hiyo, na nikaukaza ule mkono zaidi.

Basi ikawa siku ya soko, tumepanga foleni kwenye geti, mama na kapu la mandazi, mimi nyuma yake. Homgadi mmoja, mgambo wa serikali, kijana mwenye kofia iliyomzidi kichwa, akaniona.

"Wewe mtoto. Hiyo mkono iko na nini?"

Siku zile watoto walitumwa kubeba risasi za watu wa msituni. Foleni nzima iliujua ukweli huo, na nikaisikia ikijitenga nasi, miguu ikirudi nyuma kidogo kidogo. Mama akageuka, na ndipo na yeye alipoutazama ule mkono kwa mara ya kwanza kama anavyoutazama askari.

"Fungua," akasema homgadi. Sikufungua. Wallahi, nilikataa. Akanikamata kifundo cha mkono, akakata kitambaa kwa kisu, kikaanguka. Hamkuwa na kitu. Mkono wangu ulikuwa mweupe, umekunjamana, unanuka kama kitu kilichosahauliwa mvunguni. Mtu mmoja nyuma akacheka, mwingine akasema "Kefle!" kwa kinyaa. Nilitamani ardhi inimeze.

"Sasa kama hakuna kitu, ulikuwa unaficha nini?"

Nikamwambia ukweli. Nilikuwa nimefunzwa kusema ukweli. "Ni mkono wa Mwenye Kule. Anamrudisha baba."

"Mwenye Kule ni nani?"

"Anakaa ng'ambo."

"Ng'ambo wapi? Msituni?"

Mama akasema, "Bwana, mtoto huyu anacheza, hana akili." Homgadi akamtazama. "Mama, lisemwalo lipo. Na bwana yako tunajua mahali iko." Wakatupeleka ofisini. Kapu la mandazi likabaki kwenye geti, na sikuliona tena. Mama yangu, aliyekuwa hakai kwenye baraza la mtu bila kutandikiwa mkeka, aliketishwa chini kwenye sakafu ya saruji katikati ya buti. Wakamuuliza huyo Mwenye Kule analala wapi, anapelekewa chakula na nani, na mkono unafichwa kwa kiapo gani. Ofisa akasema, kwa Kiswahili kizuri kuliko cha homgadi, kwamba faili ya baba iko njiani kuangaliwa upya, na neno moja litatosha kuirudisha chini ya rundo. Nilimwona mama yangu akitetemeka kwa ajili ya mkono wangu.

Wakamleta dada. Dada aliingia amenyooka, amefunga ushungi wake sawasawa, akasimama kama anayesomesha wadogo. "Ni mchezo wetu, bwana," akasema. "Mwenye Kule hayupo. Nilimtunga mimi, jikoni, tukichambua maharagwe. Huyu mdogo wangu ndiye hakuelewa."

Wakacheka. Ofisa alicheka, homgadi akacheka, hata karani aliyekuwa akiandika akaweka kalamu chini. Kisha ofisa akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. "Haya, sema na wewe. Sema hayupo, mwende nyumbani."

Nilimtazama mama. Alikuwa ananisihi kwa macho.

"Hayupo," nikasema.

"Sauti."

"Hayupo!"

Tukatoka. Njiani mama hakunipiga, na afadhali angenipiga. Alisema tu, "Mcheza na tope humrukia, mwanangu, lakini hili limenirukia mimi." Habari zilikuwa zimetutangulia. Kwenye vichochoro watoto waliinua mikono ya kushoto nikipita, wakaniita kwa jina lile, Mwenye Kule, Mwenye Kule huyoo! Nilibaki nalo mpaka nimevunja ungo.

Nyuma ya nyumba ngozi hazikuwepo tena, bucha ilikuwa imefungwa, palibaki miti mitupu na ukuta. Nilikwenda hata hivyo. Nilikaa kimya, nikafunga macho, nikausweka mkono kangani. Hapakuwa na mtu. Nilikwenda tena na tena, na kila mara nilikuta ni mimi na ukuta. Nilikuwa nimesema hayupo, na akawa hayupo. Hilo sikumwambia yeyote. Ungemwambia nani, kwamba umefiwa na mtu ambaye hakuzaliwa?

Baba alirudi mvua za pili zikiisha. Hakuja nyumbani moja kwa moja. Kwanza tuliitwa kwenye baraza la serikali, mtaa wote, tukakalishwa juani, na mtu akasoma kwenye bomba la kupazia sauti kwamba hawa waliosimama hapa wametoka kambini, wameungama na kutapika sumu. Lilipofika jina la baba likasemwa alikiri kula kiapo, kwa nyama mbichi ya mbuzi. Sikumtambua mpaka jina lilipotajwa. Alikuwa amekwisha, mashavu yameingia, anatazama vidole vya miguu yake. Nyama mbichi ya mbuzi, mchinjaji wa Waislamu! Watu waligeuka kututazama mama na mimi, na mama akajifunika uso mzima.

Nyumbani alimwambia mama maneno machache, nami niko mlangoni na sinia la chai. "Sikula kitu. Nilichoka."

Mama akasema, "Najua." Sijui kama alijua.

Siku chache baadaye, baada ya Alasiri, wazee wa msikiti walikuja. Sitawasema vibaya, walikuwa watu wema, na mmoja wao ndiye aliyetuletea unga wakati wengine wanatukimbia. Walikunywa chai, wakamshukuru Mungu kwa kurudi kwake, wakazunguka mbuyu hapa na pale. Kisha mkubwa wao akasema: watu wanataka bucha ifunguliwe. Lakini wana wasiwasi na nyama. Aliyekula kiapo kile ametoka katika dini, na aliyetoka hachinji. Basi Ijumaa, baada ya swala, atamke shahada upya mbele ya watu, aingie tena, mambo yaishe.

"Nikitamka kuingia," baba akasema, "nimekubali nilitoka. Sikutoka."

"Lakini ulikiri."

"Niliambiwa niseme."

"Basi ndugu yetu," mzee akasema kwa upole kabisa, "na sisi tunakuambia useme. Shahada ni maneno matamu, unayatamka kila siku. Mara moja zaidi ina hasara gani?"

Walipoondoka baba alibaki barazani. Alikaa hapo kesho yake na keshokutwa. Alikuwa akiswali peke yake chumbani, msikitini haendi, bucha hafungui, na kisu amekilaza mapajani hakinoi. Mama aliogopa. Mwanamume aliyepona kambini atamfia kwenye kiti? Na mtaa ulikuwa unangoja Ijumaa, kila mtu akipita anatupa jicho.

Mama alijaribu kumchekesha. Akamsimulia habari ya mkono wangu, geti, ofisi, karani aliyeweka kalamu, na alivyosimulia ungedhani ni kichekesho cha arusi; lile la kukaa sakafuni alilipita juu juu. Nilikuwa ninafagia ua. Nilisikia kila neno, na fagio likawa zito. Nikasikia pia kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu arudi: baba akicheka. Kisha akaniita.

Nilikwenda nikapiga magoti mbele yake. Alinipa mkono nikaubusu. Alinitazama kwa muda mrefu, si kama anayemtazama mtoto, bali kama mtu anayetaka kuuliza njia.

"Huyo mtu wako wa ng'ambo," akasema. "Ulimwomba nini?"

"Urudi, baba."

"Na walipokuambia useme hayupo, ulisema."

"Nilisema."

"Niambie kweli, mwanangu. Ulipolitamka lile neno, aliondoka? Au alibaki humu?" Akajigusa kifuani.

Hakuwa na mzaha. Hapakuwa na kicheko usoni mwake hata kidogo. Leo ninafahamu alichokuwa anataka: katika mtaa ule wote, mtu pekee aliyewahi kulazimishwa kutamka neno kama lake nilikuwa mimi, kitoto cha kuvunja bakuli, na alikuwa ananiuliza kama neno la mdomo linaweza kumfukuza aliyeko ndani. Na mimi nilikuwa najua jibu. Nilikuwa nalo tayari, nimelikalia kimya mbele ya ule ukuta siku zote zile.

Lakini dada alikuwa mlangoni anapepeta mchele, na mama alikuwa bado anatabasamu, na nyuma ya ua watoto wa fundi viatu walikuwa wamenyamaza wasikie. Uso uliniwaka. Niliona wakicheka tena, mtaa mzima, yule mjinga bado anaamini!

"Hakuwepo, baba," nikasema. "Ulikuwa mchezo tu."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata alichokitafuta. "Kumbe," akasema. "Basi maneno ni maneno tu. Hayaondoi kitu." Akainuka, akamwambia mama amtafutie kanzu.

Ijumaa alikwenda akatamka shahada mbele ya watu, kwa sauti, na wanaume wakamkumbatia mmoja mmoja. Mama alilia kwa furaha. Jumamosi bucha ikafunguliwa, foleni ikafika mpaka kwa fundi viatu, na wale wanawake wenye vinu vyao walikuja wa kwanza, nyama wakaisifu. Nilikuwa nimesimama pembeni baba alipokuwa akinoa kisu, nikangoja uradi. Alinoa kimya.

Alichinja kimya hivyo hivyo miaka mingi, bismillahi yake na takbiri yake, hakuacha neno hata moja linalotakiwa, na Majengo yote ikala nyama yake kwa moyo safi. Yeye mwenyewe hakuionja tena. Mama alimpikia mchicha, maharagwe, samaki wakipatikana, na wageni walipouliza alisema ni meno. Alipofariki walimwosha wanaume, kama ilivyo desturi, lakini kabla hawajafika mimi ndiye niliyemfunga kidevu kwa kitambaa. Alikuwa na meno yote.